Wimbi Likapita, Anko Akabaki

Hii hutaamini, na wala sikulaumu, lakini wimbi la bahari lilipanda mlima kwa barabara ya lami, likaingia uani kwa Anko Kawika, likamsubiri amalize kahawa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya gari la taka. Anko alishasukuma pipa lake nje, amekaa barazani anakula tonge la wali na nyama ya kopo. Ubao wake wa kutelezea mawimbini umeegemea ukuta. Mezani kuna kibuyu chenye majivu ya mke wake, Noelani, ambaye kabla hajafa aliomba kitu kimoja tu: amwagwe kwenye mawimbi ya ufuo wa Honoele, pale alipojifunza kusimama juu ya ubao.

Shida ilikuwa njia ya kufika huko. Ile ya zamani ililiwa na volkeno. Lava ilipopoa ikawa jiwe jeusi tupu, hoteli ikaja ikachonga barabara yake juu ya jiwe hilo, ikaweka geti. Pwani yenyewe bado ni ya kila mtu, ndivyo sheria inavyosema. Barabara ndiyo ya hoteli. Pande nyingine ni majabali, na getini unagusisha kadi ya chumba.

Mlinzi wa geti ni Keola, mtoto wa dada yake Anko. Aliyemfundisha kuteleza ni huyohuyo Noelani.

"Anko, usinitie matatani," Keola alishamwambia. "Chukua chumba usiku mmoja tu."

"Nilipie kulala ili nikaoge nilikozaliwa?"

"Chai ya asubuhi imo humohumo kwenye bei."

Basi Jumanne hiyo Anko akakata mlakasa, ule mmea wa pwani unaotambaa mchangani, ambao Noelani aliupanda kwenye debe la rangi. Wazee wa kisiwa, bahari ikilala, walikuwa wanayachapa maji kwa mlakasa na kuyaita mawimbi, yanakuja. Ila wao walichapa bahari. Anko bahari hana. Ana kidimbwi cha plastiki cha wajukuu, kina maji ya mvua na bata wa mpira. Akakichapa hicho.

Jirani yake, Anti Momi, alikuwa anaanika mashuka. "Kawika, kidimbwi cha watoto kimekukosea nini?"

"Napigia wimbi."

"Hapo umepiga namba siyo."

Wimbi likaja nyuma ya gari la taka. Lilikaa upande wake wa barabara, na gari liliposimama kuchukua pipa, nalo likasimama. Lilikuwa refu kama nyumba, linanuka mwani. Anti Momi akaanua mashuka.

"Liambie lisikanyage majimbi yangu," alisema.

Anko akasuuza kikombe, akabana kibuyu kwapani, akapanda ubao. Wakateremka. Walipita kanisani, wakapita kituo cha mafuta, watu wakampungia mkono. Alikunja magoti vilevile kama enzi za ujana wake. Getini wimbi likasimama, kwa sababu chuma cha kuzuia magari kilikuwa kimeshushwa.

Keola akatoka kibandani. "Anko."

"Keola."

"Hili ni la kwako?"

"La Honoele. Linarudi kwao."

Keola akamwita meneja kwenye redio. Meneja, Bi Prescott, alikuja na kigari cha umeme, akalitazama wimbi juu mpaka chini, akauliza kama ni maji chumvi. Wageni walikuwa wananung'unika kwamba bahari imelala wiki nzima.

"Wimbi lipite," alisema. "Lielekezwe bwawani, wageni wasihangaike kushuka mpaka pwani."

"Na anko wangu?"

"Ana kadi?"

Keola akarudi kibandani, kwenye kitufe cha geti.

Anko alikuwa ameshafungua kifuniko cha kibuyu, ammwage mkewe humohumo kwenye wimbi aende nalo. Aliposikia bwawani, akakifunga.

Keola akabonyeza kitufe. Chuma kikapanda. Wimbi haliwezi kusimama muda mrefu, litamwagika; likamshusha Anko kwenye lami taratibu, kama unavyoshusha mtoto aliyelala, likamwekea ubao pembeni, likapita.

Meneja akauliza lina jina gani. Keola, kwa kuchanganyikiwa, akataja la kwanza lililomjia. Sasa limechapishwa kwenye fulana za hoteli: NOELANI, kwa herufi za bluu.

Siku hizi kila asubuhi Anko anachapa kidimbwi, wimbi linapanda kumchukua, linamshusha palepale getini. Keola amepandishwa cheo, anafundisha wageni kuteleza bwawani. Ana watoto wawili na nyumba ya kupanga, na kule kazi ni hoteli, au hakuna. Kitufe cha geti bado ni chake mpaka saa mbili. Kisha anamletea mjomba wake kahawa ya wageni, kwenye kikombe cha karatasi.

"Kunywa, Anko, kabla haijapoa."

"Hao wanapiga kelele za nini humo ndani?"

"Wanampanda Noelani."

Anko anakisogeza kibuyu mapajani, upande wenye kivuli. "Waambie Noelani yuko nje hapa. Hana kadi."

Keola anacheka kidogo, halafu anarudi kazini.

Sasa wewe niambie. Ungekuwa Keola, chuma kimeshapanda, mjomba wako amesimama nje, imebaki hatua moja tu aingie, na kidole chako bado kiko kwenye kitufe: ungefanyaje?