Sinia la Kwanza, Hitima ya Rashid

Mwanatabu wa Mjambere si mtu wa kusemeshwa ovyo, na siku ya hitima ya mwanawe Rashid ndiyo kabisa. Pilau imeiva, mikeka imetandikwa uani, mwalimu wa chuo cha Kurani keshafika. Ndipo Mzee Mwarandu, mzee wa mtaa, alipowaona walioketi penye sinia la kwanza: Matano na wenziwe watatu, wala unga wa kulevya wanaojulikana mtaa mzima. Akasema hao watoke, la sivyo hitima haisomwi. Mwalimu akafunga msahafu.

Jamani! Huyu Mwarandu ndiye aliyeamua mwaka jana kwamba dawa ya unga ni kuvunja sindano. Alipita na vijana wake nyumba kwa nyumba wakizivunja, na mwenye duka la dawa akakatazwa kuwauzia. Ati wakikosa sindano wataacha. Waache wapi? Walipokezana moja, butu, na humo ndimo Rashid alimopatia maradhi yaliyomuua. Tangu amzike, Mwanatabu hununua sindano mpya mbali, huko Mikindani, akawapa wenziwe Rashid kwa mlango wa jikoni, na zilizotumika huzichoma ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo. Majirani walimwambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Akawajibu yeye keshalia.

Sasa roho ilimuuma kwelikweli. Hitima ndiyo zawadi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumpa mwanawe, na Matano alishainuka ajiondokee. Mwanatabu akatoka jikoni kwa wanawake, akaingia katikati ya wanaume.

"Kaa," akamwambia. "Chuoni wewe ndiwe uliyewatangulia wote kuhifadhi Yasini. Bado unayo?"

"Ninayo, mama."

Mwanatabu akaleta birika, akammiminia maji ya udhu mwenyewe, taratibu, juu ya mikono ile yenye vidonda. Matano akasoma. Mwalimu akasikiliza, akaufungua msahafu wake, akafuatisha.

Walipokwisha kula, Mwanatabu akaingia ndani, akarudi na sindano mpya, zingali ndani ya karatasi zake. Safari hii hakwenda mlango wa jikoni. Aliziweka juu ya sinia tupu, mbele ya Mwarandu, mchana kweupe.

"Haya, mzee, zivunje. Rashid nimemzika. Hawa siwaziki."

Mwarandu alizitazama, na watu wakamtazama yeye. Mkono wake haukunyanyuka. Matano akanyoosha mkono, akachukua yake.