Mkeka wa Mama Mchungaji

Gari langu lilikuwa zima. Naanza na hilo kwa sababu hapa kijijini kwetu Falefa watu wanapenda kusimulia habari ya harusi ya binti yangu kana kwamba mimi, Fuatino, mjane wa Aukuso, nilitoka nyumbani na mkweche. Pikapu ile ina miaka thelathini na moja, sikatai. Mlango wa dereva hufunguka kwa nje tu, na kiti cha mbele nimekishona mara nne. Lakini injini yake naijua kuliko ninavyojua magoti yangu. Aukuso aliniachia gari na sanduku la spana, na tangu tumzike hakuna mkono mwingine uliogusa boneti ile.

Lupesina, binti yangu, alikuwa ameshatangulia kwa wakwe zake, Salani, upande wa pili wa mlima. Ndoa ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, na haikuwa ndoa ya kuahirishwa. Bwana harusi, Feleti, alikuwa na ndege usiku uleule, anakwenda New Zealand kuchuma matufaha kwa miezi saba. Gari la kumpeleka uwanjani lilikuwa linaondoka saa kumi juu ya alama. Mchungaji wa Salani alikuwa amelazwa, kwa hiyo mfungishaji ndoa alikuwa Mchungaji Elisara wetu, na wa kumfikisha ni mimi. Nikichelewa, mwanangu anabaki na gauni tu.

Saa sita nilikuwa nimeshawasha gari mbele ya nyumba ya mchungaji. Nyuma walikaa nguruwe wa kuokwa, sufuria za palusami, yaani majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, keki ya harusi, na dada yangu Epenesa mwenye mdomo wake. Ndipo Mama Mchungaji akatoka na mkeka.

Alikuwa ameusuka mwezi mzima kwa majani ya mkadi, tabaka mbili, mzito kama godoro la mtoto, na katikati ametarizi kwa nyuzi nyekundu: MUNGU NI UPENDO. Akaufunga mwenyewe mbele ya gari kuwa pambo la harusi, kutoka taa hadi taa, kwa mafundo sita. Grili yote ikafunikwa. Hapakubaki hata pa kupita sisimizi, seuze upepo.

Mnaojua magari mmeshaelewa. Kwa wasiojua: injini hupozwa na maji, maji hupozwa na upepo unaopita kwenye rejeta, na upepo huingia kwa mbele. Mimi nilielewa tangu fundo la kwanza. Nikafungua mdomo niseme.

"Mzuri mno, Mama," nikasema.

Nilaumuni mkipenda, lakini ningewaona ninyi mahali pangu. Mke wa mchungaji kwetu hupewa kiti cha kwanza, sahani ya kwanza na sifa ya kwanza. Hakosolewi. Mtu akimkosoa, habari hufika kwenye kikao cha kina mama kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

Tukaondoka, mimi kwenye usukani, Mama Mchungaji katikati, mchungaji dirishani na koti lake jeupe na tai. Kwenye tambarare mshale wa joto ulipanda taratibu. Tulipoanza kupanda mlima wa Lemafa ukapanda kama umeitwa. Nikafanya ambacho kila dereva wa gari kuukuu anakijua: nikawasha hita mpaka mwisho, ili joto la injini litokee kwetu.

"Fuatino," mchungaji akasema baada ya kona mbili, "kuna hewa ya moto miguuni."

"Ni dawa ya gari, Mchungaji."

"Na sisi dawa yetu?"

"Vumilia kidogo, Mchungaji."

Akavumilia. Jasho lilimtoka mpaka tai ikabadilika rangi. Mama Mchungaji alijipepea kwa kitabu cha nyimbo bila kulalamika hata neno moja. Nusu ya mlima mvuke ukafumka pembeni mwa boneti, nikaegesha chini ya ukingo.

Hapo ndipo nilipoanza kuigiza. Nilifungua boneti, nikasubiri ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kanga nzito, nikaongeza maji. Nikavuta mkanda wa feni, uko sawa. Nikaminya mipira ya maji, iko sawa. Nikachungulia pampu, haivuji. Nikachomoa kijiti cha oili nione kama kuna maji yaliyochanganyika, oili ilikuwa safi kama ya dukani. Nilipima kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nimekiegemea kwa tumbo, yaani mkeka.

Mama Mchungaji alikuja kusimama ubavuni kwangu. Alipenda kujua.

"Hiki chenye vitobo vingi ni nini?"

"Ndiyo rejeta, Mama."

"Kazi yake?"

"Kupoza maji."

"Na yenyewe inayapoza maji kwa kitu gani hasa?"

Mchungaji, aliyekuwa nyuma yetu, akaanza kutazama mawingu.

"Kwa... uwezo wa Mungu, Mama."

"Ah," akasema, akaitikia kwa kichwa.

Epenesa akacheka huko nyuma, akajisingizia kukohoa.

Basi la abiria lenye bodi ya mbao likafika, likasimama. Dereva wake, Sakaria, ni fundi mzuri. Alishuka kwa kujiamini, akaja mbele ya gari, akauona mkeka. Akanitazama. Akamtazama Mama Mchungaji. Akakuna shingo.

"Thermostati," akasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo," nikamjibu, nikimkazia jicho.

"Mkeka mzuri sana, Mama Mchungaji," akaongeza yule mnafiki, akapanda basi lake akaenda zake. Abiria wote dirishani walikuwa wameziba midomo kwa mikono.

Kisha akaja Mzee Vaaiga, mmoja wa wakuu wa kijiji, juu ya lori la magimbi. Hakushuka. Aliusoma mkeka mpaka mwisho, akasema gari limezeeka na wanawake wasipewe spana, akaondoka. Nilitamani kumrushia moja. Walisimama wengine sita au saba. Mmoja akasema pampu, mwingine gasketi ya silinda, mwingine laana ya upande wa mama. Kila mmoja alianza kwa kuutazama mkeka na kumaliza kwa kuusifu.

Mchungaji akanivuta kando.

"Fuatino, unafahamu tatizo?"

"Nafahamu, Mchungaji. Na wewe?"

"Nafahamu tangu daraja la kwanza."

"Basi mwambie. Mkeo huyo."

"Mimi naishi naye," akanong'ona. "Mwambie wewe."

"Mimi na yeye tuko kamati moja!"

Akafikiri. "Tuombe," akasema.

Tukashikana mikono kuzunguka boneti. Mchungaji akaomba kwa sauti nzito: "Baba, uondoe kila kinachoziba pumzi ya gari hili. Kiondoe kilichoko mbele, Baba, hata kama kimesukwa kwa mikono yenye upendo, hata kama kina maandishi matakatifu..."

"Amina!" Mama Mchungaji akaitikia, macho ameyafumba, kwa nguvu kutushinda sote. Kisha akafumbua. "Haya, Fuatino, jaribu sasa."

Nikajaribu. Tulikwenda kona tatu, mvuke ukatoka tena. Ilikuwa saa tisa kasoro robo, na kilele bado hatujakiona. Simu ikalia.

"Mama, mko wapi?" Lupesina alikuwa analia tayari. "Baba yake Feleti anaangalia saa kila dakika."

Nikasogea mbali na gari. "Tuko mlimani. Gari linachemsha."

"Hujui ugonjwa wake?"

"Naujua."

"Sasa?"

"Siwezi kuutaja, mwanangu. Mbele za watu."

Kabla hatujaondoka Epenesa alikuwa amemtumia picha ya gari.

"Ni mkeka wa Mama Mchungaji?"

Nikageuka kuuangalia kule mbele ya gari.

"Mama! Miezi saba! Mimi na mkeka, nani ulimzaa?"

Akakata. Nikasimama pale barabarani na simu mkononi, nikajiona mjinga wa kutupwa. Mwanangu wa pekee analia ndani ya gauni, mimi nalinda adabu. Nikarudi kwenye gari kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

"Mama Mchungaji," nikasema, "ni mkeka."

"Mkeka gani?"

"Wako. Umeziba upepo. Gari halina thermostati mbovu wala pampu mbovu wala laana. Rejeta inapozwa na upepo, na upepo haupiti."

Epenesa akajificha nyuma ya nguruwe.

Mama Mchungaji aliteremka polepole, akaenda mbele ya gari, akapeleka kiganja mbele ya mkeka, kisha akakipenyeza nyuma yake, akakitoa haraka kwa moto. Akaelewa mara moja. Angeelewa hata saa mbili zilizopita, laiti tungemwambia.

"Nilikuuliza maji yanapozwa kwa kitu gani," akasema. "Ukaniambia Mungu."

"Nisamehe, Mama."

"Wangapi wamesimama hapa?"

"Tisa hivi, bila kuhesabu abiria wa basi."

"Wote waliona?"

"Wote."

Akamgeukia mumewe. "Na wewe?"

"Niliomba," mchungaji akasema kwa unyonge. "Nilidhani ungeelewa."

"Nimeitikia amina, Elisara! Nimeitikia amina kwa sauti!"

Nilidhani atatupasua. Lakini sauti ilimshuka. "Miaka kumi na tisa niko kijijini kwenu. Kila ninachoshona kizuri. Kila ninachopika kitamu. Mnanisifu kama maiti. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukaa nami akaniambia, wewe, hapa umekosea." Akajifuta uso, na safari hii halikuwa jasho. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Epenesa," akaita, "leta kisu cha keki. Mafundo yangu mimi hayafunguki."

Akayakata yote sita mwenyewe. Tukachota maji kwenye kijito, tukasubiri kidogo, tukajaza, nikawasha. Mshale ulipanda, ukafika katikati, ukatulia hapo kwa heshima zake. Tulivuka kilele kwa gia ya pili, hita imezimwa, upepo unatupiga usoni, tukaanza kuteremka.

"Na keki zangu?" Mama Mchungaji akauliza, akitazama barabara.

Mchungaji akafumba macho.

"Ngumu, Mama," nikasema.

"Ngumu kiasi gani?"

Epenesa akagonga kioo cha nyuma. "Ile ya Krismasi nilimpa mbwa, akaenda kuizika!"

Mama Mchungaji akaanza kucheka, akacheka mpaka akaniegemea begani, mimi nashindana na usukani, na mchungaji naye akacheka kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto. "Elisara," akamwambia, "wewe umezila miaka thelathini!"

"Kwa imani," akasema mchungaji.

Tuliingia kanisani Salani saa kumi kasoro dakika ishirini. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa mlangoni linanguruma. Lupesina alikuwa madhabahuni, macho mekundu, ameshika mkono wa Feleti kama mzigo anaoogopa kuporwa. Mchungaji alianza ibada kabla hajafika mbele, tai begani, akiruka nyimbo mbili na somo moja. Akafika pale pa kuuliza.

"Kama yupo mwenye neno juu ya ndoa hii, aseme sasa, ama anyamaze daima."

Mama Mchungaji, kiti cha kwanza, akageuka nyuma na kunitafuta kwa macho.

"Fuatino," akasema mbele za watu wote, "una neno?"

"Juu ya ndoa sina, Mama."

"Hakika?"

Nikamtazama mwanangu, nikamtazama yeye. "Hakika. Ila kofia yako umeivaa mbele nyuma."

Watu walishika vifua. Mama Mchungaji aliipapasa kofia, akaivua, akaigeuza, akaiweka sawasawa. Alitabasamu nikayaona meno yake yote, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka kumi na tisa.

"Ahsante, mwenzangu," akasema. "Endelea, Mchungaji, huyu kijana ana ndege."