Vikapu vya Tulia na Jeuri

Shemeji alimzolea mjane kila kitu. Machozi ya msiba hayajakauka, akaja na wapambe wake, wakafungua maksai wawili, wakabeba nira, minyororo na lile jembe la palizi la kukokotwa. "Mali ya kaka ni mali ya ukoo," akasema, utadhani ukoo ndio uliodamka kuwafundisha maksai hao, Tulia na Jeuri, kupita katikati ya mistari ya mahindi. Aliyewafundisha tangu ndama ni mjane mwenyewe. Mume alishika mishikio nyuma, yeye alitangulia mbele akiwaita.

Zizini vilibaki vikapu viwili vya kamba ya katani. Shemeji akavitupa miguuni pake. "Takataka zako hizo, baki nazo."

Haya! Mjane akaviokota.

Mvua ikanyesha. Mahindi yakafika magotini, na magugu nayo hayakulala. Mjane alipalilia kwa jembe la mkono mpaka kiuno kikamkatalia. Akifika mwisho wa shamba, mwanzo umeshaota tena. Mahindi yakimezwa, wanawe hawana chakula mwaka mzima. Akajikaza, akaenda kuomba maksai kwa siku moja tu.

"Wenzako wanatumia mikono," shemeji akamjibu huku akijichokonoa meno. "Wewe una nini cha ajabu?"

Alirudi nyumbani kwake. Huyu mtu atanitambua, akajiapia.

Asubuhi shemeji alipoingiza maksai shambani kwake, pale pale ng'ambo ya mpaka wa mashamba yao, mjane alikuwa ameshakaa juu ya kisiki, vikapu mapajani. Alijua kitakachotokea, na alitaka kukiona kwa macho yake.

Kikatokea. Tulia akapinda shingo, akang'oa mhindi. Jeuri naye akang'oa wa upande wake. Shemeji akachapa, akatukana. Wao wanatafuna tu. Jembe likayumba, likafyeka mahindi na kuacha magugu yamesimama.

"Hawa ng'ombe wana wazimu!"

"Hawana wazimu, shemeji. Kwenye palizi wanafungwa midomo."

Shemeji akaviona vikapu. Akanyosha mkono. "Hebu nipe hivyo, shemeji yangu."

"Takataka hizi? Weee! Mtu mzima na heshima zako!"

"Usinifanyie hivyo, shamba langu linakwisha!"

"Na langu je?"

Mjane akasimama, mikono kiunoni, akaita kwa sauti ile ile ya enzi za undama: "Tulia, njoo baba! Jeuri, njoo!"

Masikio yakasimama. Maksai wakakata kona, wakaja mshazari wakikanyaga mistari yote, jembe likirukaruka nyuma na shemeji ameng'ang'ania mishikio, anaburutwa ndani ya mahindi yake mwenyewe mpaka mpakani. Mjane alitazama kila shina likilala. Alifurahi, tena sana, wala hakuona haya.

Akawavika vikapu midomoni, akawakuna shingo, akawaelekeza kwenye mstari wake wa kwanza. Shemeji alikuwa bado amekaa kwenye tope, kiatu kimoja hakijulikani kilipo.

"Shemeji," mjane akasema bila kugeuka, "inuka ushike mishikio. Tukimaliza langu, ndipo tutaangalia kama lako limebakiza cha kupalilia."

Shemeji alivitazama vile vikapu. Kisha akainuka, akashika.