Sauti Iliyoitwa Kirusi

Steshenari ya Devota pale Maramba ina bango mlangoni: FLASHI ZOTE ZISAFISHWE KWANZA. Sina ugomvi na bango. Flashi za huku zinapita mikononi mwa kila mtu, na kompyuta ya Devota iliwahi kulala wiki nzima kwa sababu ya flashi moja ya picha za harusi. Ugomvi wangu ni kwamba siku hiyo nilifika na dada yangu Khadija, nikamwambia Devota waziwazi, "Hii usiisafishe. Nataka kunakili faili moja tu."

"Sawa, kaka Kombo," akasema, huku mkono wake ukifanya ulichozoea: kuchomeka flashi na kuanza kuisafisha.

Faili lenyewe ni programu niliyoitengeneza mwenyewe nilipokuwa najifunza. Ina picha zetu watoto wote. Ukibonyeza picha yako, sauti ya mama inakuita jina. Mama alifariki Khadija akiwa kazini Uarabuni, na tajiri wake akamnyima ruhusa ya kuja kuzika. Simu niliyomrekodia mama ilishaibiwa, na kompyuta yangu imeoza kwa chumvi ya bahari kule kwetu Moa. Ilibaki flashi. Khadija alikuwa hajawahi kuisikia rekodi ile, na nilitaka aondoke na nakala yake.

Skrini ikawa nyekundu. Kirusi kimoja kimepatikana.

"Si kirusi hicho," nikasema. "Antivairasi inashuku programu isiyoijua, na hii hakuna mwingine aliyenayo duniani. Umebonyeza nini?"

"Futa. Huwa nabonyeza futa."

Hasira zilinipanda. Hata hivyo nilijua antivairasi nyingi hazifuti faili papo hapo. Huliweka kizuizini kwanza, na ukitaka unalirudisha. Nikamwondoa Devota kitini, nikakaa mwenyewe. Khadija akasogea karibu, ameshika ncha ya mtandio wake. Nikafungua kizuizi. Kilikuwa kitupu.

"Nimekitegesha kijisafishe chenyewe," Devota akasema kwa sauti ndogo. "Wateja wakiona virusi vimejaa mle, wanakimbia. Nisamehe, kaka."

Nikajaribu programu ya kufufua faili. Ikaleta jina la faili, na ndani hamna kitu. Nilikuwa na matusi ya kutosha mtaa mzima. Nikayameza kwa ajili ya Khadija.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Nilijisikia mnyonge kuliko siku ya mazishi.

"Kaka," Khadija akasema, "mama alikuwa akiniitaje humo? Niite kama yeye."

Nilikuwa nimeisikiliza sauti ile mara nyingi mno. Nikafumba macho, nikaitafuta.

"Khadija," nikasema. Ikatoka sauti yangu tu.

Nilipofumbua macho alikuwa bado ananitazama, akingoja, akidhani sijaanza.