Adhabu ya Sonona

Walinipigia makofi. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya unga, na chumba kizima kikalipuka kana kwamba nimefunga bao la ushindi.

"Nina sonona," ndivyo nilivyosema. Hayo tu.

Katika kiwanda chetu cha mikate neno hilo lilikuwa na adhabu yake. Ukichelewa, ukinuna, ukiunguza mikate, unasingizia sonona. Na anayesingizia sonona anaosha trei zote za siku hiyo, eti kazi ndiyo dawa. Sheria ilitungwa na msimamizi wetu, tuliyemwita Hamira kwa jinsi alivyokuwa akifura haraka na kunywea haraka vilevile. Hakuwa mtu mbaya, Mungu ni shahidi. Tanuri lililokuwa likiwaka na kupoa lenyewe aliliita bipola. Mama mpanga mikate, aliyetaka kila mstari unyooke, alimwita mgonjwa wa akili, na mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Asubuhi zilikwenda kwa utani huo.

Siku hiyo nilikuwa nimerudi kazini baada ya wiki kadhaa ambazo wenzangu waliambiwa nina homa. Daktari alikuwa ameupa ugonjwa wangu jina, pamoja na vidonge vilivyonifanya nisinzie huku nimesimama. Na mashine ya kukandia haina mchezo na mtu anayesinzia. Ikishika kidole, inavuta mkono mzima. Nilikuwa nataka jambo moja tu: nihamishiwe kwenye kufungasha mpaka mwili uzoee dawa. Dada yangu, aliyenilea tangu mama atutoke, alinisindikiza. Njiani tulifanya mazoezi, yeye akijifanya Hamira, mashavu kayajaza pumzi. Nikacheka, mara ya kwanza tangu nitoke wodini. Aliniambia nisipindishe maneno. Niutaje ugonjwa kwa jina lake, la sivyo wataniona mvivu.

Basi nikautaja kwa jina lake.

Hamira aliunyanyua mkono wangu juu kama wa bondia aliyeshinda, akatangaza kwamba sonona imerudi kazini na trei zimeimisi kweli. Mama mpanga mikate akanivisha aproni ya plastiki, akaifunga nyuma vizuri, akanipigapiga mgongoni. Walikuwa wamenikumbuka. Ulikuwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nilifungua mdomo nirudie, nikaona sina neno jingine. Lile ndilo nililopewa hospitali, na lilikuwa limekwisha kutumika. Nikashtukia miguu imenifikisha kwenye karo la kuoshea trei.

Nikaanza kuosha. Jamani, nikaosha.

Dada alikuwa bado mlangoni, akitaka kusikia nimejibiwa nini ndipo aende zake. Aliingia na viatu vyake vya njiani mpaka katikati ya chumba cha unga, jambo ambalo hata mwenye kiwanda hakuthubutu kulifanya. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu hakuwa na homa," alisema. "Alijaribu kujiua. Mimi ndiye niliyemkuta."

Mashine ya kukandia iliendelea kuzunguka, kisha mtu akaizima. Nilifanya kazi pale miaka mingi baadaye, na sikuwahi tena kuiona ikizimwa katikati ya kazi. Mama mpanga mikate alijishusha kwenye gunia la unga, kiganja mdomoni. Hamira akaja kwenye karo polepole, akafunga bomba.

"Ndugu yangu," alisema, "mbona hukutuambia?"

Nilimtazama. Povu lilikuwa likinichuruzika viwikoni.

"Nimewaambia," nikamjibu.