Makopo Matano ya Vifungo

Mkono wa kushoto niliushona kwenye kwapa la kulia, na sikugundua mpaka mwenye gauni alipoliinua mbele ya kioo. "Fundi," akasema, "leo umenishonea nguo ya mtu anayetembea kinyumenyume." Akacheka peke yake. Mimi nilichukua wembe nikaanza kufumua, na miguu yangu, ingawa cherehani ilikuwa kule ukutani, ikaendelea kukanyaga sakafu kana kwamba pedali bado iko chini yake. Ilikuwa Ijumaa. Mtihani wa mjukuu wangu ulikuwa kesho yake asubuhi, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kwamba nilikuwa nimemharibia.

Ngojeni nami nitembee kinyumenyume kidogo, kama lile gauni.

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku, maana hata usingizini midomo yake ilikuwa ikicheza. Mama yake, binti yangu, alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya mbali, akija likizo tu. Kwa hiyo tuliishi wawili katika vyumba viwili, cha mbele cha kushonea na cha nyuma cha kulala. Mimi nilimwita mke mwenzangu, naye akiniita hivyo hivyo akitaka kunichokoza, ingawa huyo mume wetu, babu yake, alikuwa amefariki kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka ule alipata nafasi ya kwenda nje miaka mitatu, akajifunze kazi ya kuwatunza wazee. Sharti lilikuwa moja: afaulu kwanza mtihani wa Kijerumani, ule wa ngazi ya mwanzo.

"Wazee wa nani hao?" nilimuuliza.

"Wa huko huko, Bibi."

"Hawana wajukuu?"

"Wanao. Wana kazi."

"Ahaa," nikasema, nikajaribu kuingiza uzi kwenye sindano mara tatu bila kulipata tundu.

Kilichomtoa jasho katika lugha ile ni wingi. Alirudi kutoka darasani alasiri moja, akautupa mkoba juu ya vitambaa vya watu. "Bibi, hawa hawana mpango kabisa! Sisi tunabadilisha kichwa cha neno. Mtoto, watoto. Kiti, viti. Umemaliza. Wao wanabadilisha mkia, na kila neno lina mkia wake." Akanihesabia kwa vidole. Siku ni Tag, zikiwa nyingi Tage. Mtoto ni Kind, wakiwa wengi Kinder. Mwanamke ni Frau, wengi Frauen. Gari ni Auto, mengi Autos. "Na dirisha ni Fenster. Yakiwa mengi je?"

"Nitajuaje mimi?"

"Fenster! Vile vile! Halijali!"

"Sasa mtu anajuaje neno lipi linavaa mkia upi?"

"Mwalimu anasema dalili zipo, lakini mwanzoni usijitese nazo. Ukilijua neno, ulijue na wingi wake siku hiyo hiyo, kama kiatu na mwenzake."

Hilo nililielewa. Nikayachukua makopo yangu matano ya vifungo, nikavimwaga vifungo vyote kwenye mfuko wa kitambaa, nikampa makopo matupu. Kopo la e, kopo la er, kopo la en au n, kopo la s, na kopo la wale wasiojali. Tulikata kadi kutoka kwenye mabaki ya karatasi ngumu ninazochorea mitindo, akaandika neno moja moja, umoja tu, na wingi wake ukajulikana kwa kopo lake. Maneno mengine yakiwa mengi huongezwa nukta mbili juu ya herufi, kama matundu ya kifungo. Hayo aliyawekea nukta mbili nyekundu pembeni.

Kila alasiri nilichomoa kadi nikamwuliza. Kijerumani sikukijua, ila kusoma najua, shule ya msingi niliimaliza. Nikayasoma maneno yao kama ninavyosoma ya kwetu, Chiriku akicheka mpaka anashika ukuta. Yaliyomgomea niliyatungia vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Akiwa peke yake masikio matupu; wakiwa wengi, wote wamevaa hereni."

"Mutter! Mütter!" Mama, akina mama, na zile nukta mbili juu yao.

Wiki sita tulienda hivyo. Sikukusudia kujifunza, lakini maneno yalinishika kama nyuzi zinavyoshika sketi ya fundi. Nikiwa nakanyaga pedali nilijikuta nasema: Tisch, Tische. Bett, Betten. Kleid, Kleider. Meza, kitanda, gauni.

Jumatatu ya wiki ya mtihani ikaja barua. Akifaulu Jumamosi, ataondoka baada ya mwezi. Chiriku aliisoma amesimama mlangoni, akanikumbatia, akakimbia kumwonyesha mwalimu wake. Chumba kikabaki na mimi na makopo matano kwenye rafu. Nikakaa. Nikainuka. Nikafagia palipofagiwa. Kisha mikono yangu, hii hii inayowakatia watu nguo zao za harusi, ikafungua makopo. Tisch nikaitoa kwa e nikaitia kwa er. Bett nikaipeleka kwa s. Nilihamisha kadi kumi, nikijua kila moja kwake ni wapi. Ya kumi na moja ilikuwa Oma. Oma ni bibi. Kopo lake lilikuwa la s. Nikaitia kwenye kopo la wasiojali, pamoja na dirisha. Nilitaka bibi abaki mmoja.

Jumanne mteja alikuja kupimwa, kwa hiyo Chiriku alijisomea peke yake chumba cha nyuma. Utepe ukiwa kiunoni mwa mteja, nikamsikia: "Tisch, Tischer."

"Kiuno ngapi?" mteja akaniuliza. Nilikuwa nimeshasahau.

Jumatano alisema tena. Alhamisi hakutaka niulize kadi, akasema kichwa kimejaa. Mimi sikulala vizuri, sikula vizuri, nilisimama dirishani nikarudi, nikasimama tena. Mara mbili nilifungua mdomo nikaishia kuuliza kama anataka chai. Ndipo ikafika Ijumaa, na lile gauni.

Jumamosi aliondoka mapema bila kuniamsha. Nilipoona kitanda chake kimetandikwa, nilizikusanya zile kadi kumi na moja, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikatoka. Nilitembea kama mtu aliyeacha moto jikoni. Mlinzi wa geti la mahali pa mtihani akanisimamisha.

"Bibi, shikamoo. Na wewe ni mtahiniwa?"

"Marahaba. Ndiyo, na nimeshaanguka. Nipishe."

"Jina lako limo kwenye orodha?"

"Mwanangu, nimefanya kosa na niliyemkosea yuko pale kwenye foleni. Wakimwita ndani kabla sijamwambia, utanibeba mgongoni mpaka nyumbani."

Akanitazama miguu, ambayo haikutulia hata hapo. Akafungua.

Chiriku alikuwa wa saba kwenye foleni. Nilimvuta pembeni, hatua mbili tu asipoteze nafasi yake. "Makopo niliyachezea," nikasema. "Jumatatu. Kadi kumi na moja. Mikia unayoikariri siyo yake."

Hakushtuka. "Najua, Bibi."

"Tangu lini?"

"Jumanne. Niliposema Tischer, cherehani haikuwa inalia, ulikuwa unapima mtu, kwa hiyo nilikusikia. Ulisema taratibu, Tische. Mdomo wako ulinisahihisha wenyewe."

"Na Jumatano ukasema tena!"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme."

Foleni ikasogea, nasi tukasogea nayo.

"Hutaki niende," akasema. Hakusema kwa hasira, ingekuwa nafuu.

"Sitaki."

"Basi niambie nisiende. Nitatoka kwenye hii foleni sasa hivi. Lakini nataka uniambie kwa mdomo wako, mke mwenzangu, siyo kwa makopo."

Watu wanne mbele yake. Halafu watatu. Nilisikia saa ya mtu ikigonga mkononi mwake. Nikafungua pindo la kanga, nikaishika kadi ya juu.

"Kitendawili," nikasema.

Akaitazama kadi. "Tega."

"Tisch."

"Tische."

"Bett."

"Betten."

Tulienda hivyo tukisogea, mimi nikitaja, yeye akijibu, na mtu wa nyuma yetu naye akijibu kwa kunong'ona maana alikuwa hajajiandaa vizuri. Kumi zikaisha mlangoni. Ikabaki ya mwisho. Nilimwonyesha bila kuisoma. Aliitazama zaidi ya alivyozitazama nyingine.

"Hii uliipeleka wapi?"

"Kwa dirisha."

Akanikunja vidole juu ya kadi ile. "Omas," akasema, akaingia.

Alifaulu. Aliondoka siku iliyoandikwa kwenye barua, kadi akaziacha ndani ya makopo, na habari za uwanja wa ndege sitazisimulia, kila mtu ana zake.

Ameshamaliza ile miaka mitatu na sasa ameajiriwa huko huko. Hunipigia Jumapili. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi anawatunza akina bibi kumi na wanne. Siku moja aliniambia kuna mmoja anayemshinda: hatulii, anazunguka mchana kutwa, anafumua mapindo ya mapazia kwa kucha.

"Alikuwa fundi?"

"Hakuna anayejua, Bibi. Hasemi."

"Mpe vifungo. Vingi, vya rangi mchanganyiko, na vyombo vitano."

Wiki iliyofuata alinitumia picha. Vibakuli vitano mezani, vifungo vimepangwa vyeupe na vyeupe, vyeusi na vyeusi, na pembeni mkono mmoja wa kizee umetulia juu ya meza.

Nimeitundika juu ya cherehani. Wateja huniuliza mbona vifungo vyangu mimi navitafuta ndani ya mfuko kama mtu anayetafuta ufunguo, na makopo yale pale kwenye rafu. Nawaambia makopo yamejaa.