Dakika Hamsini za Somo

"Treni ya saa mbili na nusu inaingia jukwaa la tatu. Abiria, tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano." Kengele aliachia kitufe cha maikrofoni, akaigeuza simu yake iliyokuwa imelala kifudifudi mezani, akasoma ujumbe ulioingia, na roho ikamchafuka papo hapo.

Ujumbe ulitoka kwa Mama Ratiba. Nani mwingine? "Wapenzi wangu, mambo yote nimeshapanga. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, stesheni kuu, chini ya saa kubwa. Mgeni wetu anashuka saa nne na anapanda treni nyingine saa nne na dakika hamsini, kwa hiyo tutakuwa naye dakika hamsini tu. Chai naleta mimi. Mapacha mlete vitafunio. Kengele atakuwa kazini, tusimsumbue."

Tusimsumbue. Ebu fikiria. Mtu ana miaka kumi na tisa ndani ya stesheni hiyo hiyo, anajua hadi kigae kinachocheza ukikikanyaga, halafu mkutano unapangwa ndani ya stesheni yake na anaambiwa asisumbuliwe.

Walikuwa wanawake watano waliosoma chuo kimoja cha ushonaji na kulala bweni moja, zamani sana, wakiwa bado na viuno. Mama Ratiba alipata jina lake humo bwenini, kwa sababu alibandika mlangoni karatasi ya zamu za kufagia, zamu za kuteka maji, na wenzake walisema kwamba hata kulia angewapangia zamu kama wangemwachia. Sasa alikuwa fundi wa mapazia, na ugonjwa ule wa kupanga haujampona. Mapacha hawakuwa mapacha. Walikuwa mtu na binamu yake waliozoea kumaliziana maneno. Kengele aliitwa Kengele kwa sababu sauti yake ndiyo iliyoliamsha bweni kila alfajiri, na sauti hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumpa kazi ya kutangaza treni.

Wa tano ndiye mgeni mwenyewe. Yeye na Kengele walikuwa na jina moja la kuzaliwa. Siku ya kwanza chuoni mwalimu aliita jina hilo, wakaitika wote wawili, darasa likaangua kicheko. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Ni somo kwa somo, mpaka mvi zikawaota. Na sasa somo alikuwa anahamia nchi ya mbali kwa binti yake, moja kwa moja, wala si kutembea na kurudi. Habari hiyo Kengele aliipata kutoka kwa Mama Ratiba, kwenye kundi la simu, pamoja na watu wote.

Hapo ndipo kijicho kilipomshika. Wa kuambiwa kwanza angekuwa nani kama si yeye? Kila Jumapili alimpigia somo, kila Jumapili somo alisema hajambo, mzima wa afya, kisha anasikia kwa fundi wa mapazia. Alikaa na simu mkononi, akahisi wivu unampanda kifuani kama kiungulia.

Akausoma ujumbe mara nyingine. Chini ya saa kubwa.

Sasa, stesheni ile ilikuwa na saa kubwa mbili. Ya zamani ilining'inia ukumbi wa treni za safari ndefu, na kila mtu wa rika lao aliijua. Lakini mlango wa ukumbi huo uliokuwa ukielekea barabarani ulikuwa umefungwa miaka sita nyuma. Siku hizi mtu anayetoka mjini anaingilia ukumbi mpya wa treni za mjini, na humo kuna saa nyingine, kubwa zaidi, yenye taa, inayokukodolea macho mara tu unapoingia. Kati ya kumbi hizo mbili kuna daraja la kuvukia juu ya reli, na siku ya Jumamosi umati wake hukula dakika kumi na zaidi. Wasafiri walipotezana hapo kila wiki. Kengele alijua. Mama Ratiba, pamoja na kupanga kwake kote, hakujua.

Alianza kuandika: "Jamani, saa ziko mbili." Kidole kikasimama. Akafuta herufi moja moja.

"Si walisema wasinisumbue?" alijiambia. "Basi nami nisiwasumbue."

*

Jumamosi aliiacha simu nyumbani makusudi. Mtangazaji mwenzake, ambaye wote walimwita Bwana Kikohozi kwa sababu alikohoa kabla ya kila tangazo, alikubali kumshikia zamu mpaka saa tano.

"Ila sheria unaijua," Bwana Kikohozi alisema. "Ukigusa kitufe hiki tu, zamu imerudi kwako. Sitaki tena mambo ya kupokezana kila dakika, mara wewe mara mimi, halafu treni iingie haina mtu wa kuitangaza."

"Sitakigusa," alisema Kengele, akashuka ngazi huku akijipaka mafuta ya midomo.

Treni iliingia kwa wakati. Somo alishuka wa mwisho, kwa mkongojo, akiwa amekonda hata mabega yamechongoka. Kengele aliuona mkongojo akashtuka, lakini furaha ilikuwa imemjaa, hakuuliza. Walikumbatiana hadi watu wakawapita pembeni. Akambebea begi, akamketisha kwenye benchi chini ya saa ya zamani.

"Wenzetu wako wapi?" lilikuwa ndilo neno la kwanza la somo.

"Watakuja. Unawajua Mapacha, hadi wakubaliane wavae nini."

Somo alicheka, na kwa dakika chache Kengele alipata alichokitaka. Walimsema mwalimu wao wa ukataji aliyevaa suruali fupi, wakakumbuka gauni walilolishona wote wawili likawa na mkono mmoja. Lakini kila mlango ulipofunguka, somo aligeuza shingo. Kengele aliona kila mara alivyogeuka, na kila mara ilimchoma.

Simu ya somo ikaita. "Ndiyo, nimeshafika, niko chini ya saa!" somo alipaza sauti, maana kelele zilikuwa nyingi. "Chini ya saa, nakwambia. Na ninyi? Chini ya saa? Mbona siwaoni? Niko na somo hapa." Akamkabidhi simu Kengele. "Anakutaka wewe."

"Kengele, mko wapi ninyi?" Mama Ratiba alikuwa akihema. "Tumezunguka hapa mpaka miguu inauma. Chai inapoa."

Kengele angeweza kusema maneno mawili tu, vukeni daraja. Alimtazama somo, kisha akatazama mlango.

"Subirini hapo hapo mlipo," alisema. "Msiondoke. Tunakuja."

Akakata. Akairudisha simu, na kabla somo hajaipokea ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha.

"Amesemaje?"

"Wako njiani."

Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Saa ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Somo aliusugua mpini wa mkongojo kwa kidole gumba.

"Nikipanda treni bila kumwona Ratiba, somo, sitajisamehe," alisema.

"Ratiba amekufanyia nini hasa?" Kengele alijaribu kucheka. Kicheko kilitoka na uchungu wote ndani yake, na somo aliusikia.

"Mwaka jana nilivunjika nyonga. Nililala miezi mitatu chali. Ratiba alifunga duka lake, akaja kukaa kwangu. Alikuwa ananiosha, somo. Ananigeuza, ananilisha, ananisomea karatasi ya zamu aliyoibandika ukutani, zamu zote zake." Akatabasamu kidogo. "Wewe ulikuwa unapiga Jumapili, yeye ndiye ananishikia simu sikioni nikikwambia sijambo."

Kengele alihisi uso unamuwaka. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeacha kazi uje. Au usingekuja." Somo alimtazama usoni. "Sikutaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ratiba sikumwambia, alisikia tu akaja."

Tangazo la treni nyingine likapita juu yao, likitanguliwa na kikohozi. Kengele hakusikia hata inakokwenda. Wivu wake haukupungua. Tena ulikua, maana sasa ulikuwa na haki ndogo kuliko mwanzo. Alitamani nyonga ile ivunjike tena, ili safari hii yeye awe wa kwanza kufika, kisha akajionea aibu kwa kuwaza hivyo.

"Saa ziko mbili," alisema hatimaye. "Wao wako chini ya nyingine, ng'ambo ya daraja. Nilijua tangu Jumanne, ujumbe ulipoingia."

Somo aliinua macho akaitazama saa iliyokuwa juu yao. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nenda kawaite," alisema.

Kwenda kule ng'ambo kwa miguu na kurudi nao kungezila dakika zote zilizobaki. Chumba cha matangazo kilikuwa hatua chache tu, ngazi moja juu. Kengele alisimama, akauweka sawa mtandio wa somo begani, mahali ambapo haukuhitaji kuwekwa sawa.

"Nakuletea hao," alisema. Hakusema kwaheri. Angeisema, miguu isingemnyanyua.

Bwana Kikohozi alimwona akiingia, akamwona akinyoosha mkono. "Ukikigusa..."

"Najua."

Akabonyeza. "Mama Ratiba na Mapacha, mlio chini ya saa ya ukumbi mpya. Mgeni wenu yuko ukumbi wa zamani. Vukeni daraja, mshuke ngazi za kushoto, kimbieni. Mna dakika kumi na tisa."

Bwana Kikohozi alivaa koti lake, akatia saini kwenye daftari la zamu, akatoka. Treni tatu zilikuwa zinakaribia. Kengele aliketi.

Kutoka dirishani aliwaona wakishuka ngazi. Mama Ratiba alitangulia, viatu mkononi, chupa ya chai kwapani, akiwasukuma watu kando kama mwenye nyumba. Alifika kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, akakizamisha kichwa chake mapajani mwa somo, na somo akakishika kwa mikono miwili. Kengele alitazama muda wote walivyokaa hivyo. Moyo ulimuuma, naye akauacha uendelee kuuma. Mapacha walifika wakamimina chai kwenye vifuniko, ikamwagika, wakacheka wote wanne, na kicheko chao hakikupenya kioo.

Ikafika saa nne na dakika arobaini na nane. Alipaswa kutangaza. Akangoja dakika moja nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akabonyeza kitufe.

"Treni ya saa nne na dakika hamsini iko tayari kuondoka, jukwaa la kwanza. Abiria mnaombwa kupanda." Sauti ilitoka laini, haina mkwaruzo.

Chini, Mama Ratiba alikuwa amemshika somo kiuno, akimpandisha ngazi ya behewa. Somo alisimama ghafla. Hakujua chumba cha matangazo kiko dirisha gani, hakuwahi kukiona. Aliinua uso akatafuta huku na huku, mpaka macho yakatua kwenye spika ya bati iliyofungwa juu ya nguzo, na akaipungia mkono hiyo spika, taratibu, watu wakimpita, mpaka wenzake wakamvuta ndani.